Mabenchi yamefungiwa stoo, na niliowafundisha wamenigeuka. Niache?

Baba Mchungaji, shikamoo, na Bwana Yesu asifiwe.

Nimesoma majibu yako kwa wengine kwa muda mrefu nikidhani mimi sitafika mahali pa kuandika. Nimefika.

Miaka sita iliyopita nilianzisha darasa la Biblia la vijana kanisani kwetu, kila Jumamosi alasiri. Sikujipa kazi hiyo mwenyewe. Mchungaji aliyekuwepo wakati huo aliniita akaniombea mbele ya washirika wote. Tulianza watu wanne, mmoja wao mwanangu ambaye nilimburuta. Leo daftari la mahudhurio lina majina thelathini na nane. Mchungaji yule alihamishwa. Aliyekuja baada yake ni mtu mpole, lakini anaogopa kuwaudhi wazee wa kanisa, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Yupo mzee wa kanisa anayetunza funguo. Tangu mwaka jana anasema kwamba "ninajenga kanisa ndani ya kanisa". Hajaniambia mimi. Amelisema kwenye kikao cha wazee, akalisema tena kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Kisha stoo ya mabenchi ikaanza kufungwa Jumamosi. Mara ya kwanza niliambiwa ufunguo umesahaulika nyumbani. Mara ya pili mwenye ufunguo yuko safarini. Siku hizi hata sababu sipewi. Vijana wanakaa sakafuni, na wanaochelewa wanasimama ukutani.

Hayo ningeyabeba. Kinachoniumiza ni hawa niliowalea mwenyewe. Wasichana wawili wa darasani kwangu, niliowafundisha kuomba kwa sauti mpaka wakaacha kutetemeka, hawasemeshani tangu mmoja alipopewa kuongoza wimbo wa Pasaka na mwenzake akakosa. Huyu akiingia, yule anahama na rafiki zake upande wa pili wa chumba. Na kijana niliyempendekeza mimi mwenyewe kuongoza maombi ameondoka na wenzake wanane. Wanakutana kwingine, siku ileile, saa ileile. Anawaambia kwamba kwangu kuna mafundisho tu, upako, yaani nguvu ya Roho, hakuna. Mtu niliyemwonyesha mimi kitabu cha Habakuki kiko wapi!

Sisemi kwamba mimi ni malaika. Mwezi uliopita nilipewa dakika tano za ushuhuda ibadani. Sikutoa ushuhuda. Nilifungua Hesabu 16, habari za Kora aliyemwinukia Musa, nikasoma polepole mpaka pale ardhi inapofunua kinywa chake na kuwameza. Sikumtaja mtu. Kanisa zima liligeuka kumtazama mzee. Nilirudi kukaa nikiwa nimeridhika, na usiku sikulala.

Jambo lingine ni michango. Vijana huchanga kidogokidogo tuwanunulie Biblia wasio nazo. Hela ninatunza mimi na daftari ninalo mimi, na kila senti ipo. Lakini kuna watu wanaulizauliza.

Mume wangu anasema imetosha, kwamba Jumamosi jioni ninarudi nyumbani mwili mtupu, nguvu zimeisha. Baba, huu ni mlango ambao Mungu anaufunga, au ni vita ninavyotakiwa kusimama navyo? Na ninaendeleaje kuwafundisha watu wasiokua?

Ni mimi,
Mwalimu wa Jumamosi

*

Marahaba, binti yangu, na Bwana asifiwe.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili nilimkasirikia mzee wa funguo. Mara ya tatu nikaona kwamba umechukua mambo kadhaa yasiyofanana, ukayatia kwenye gunia moja, ukaliandika "upinzani" kwa nje, ukajitwisha. Mzee anayefunga stoo ni jambo moja. Wasichana waliogombea wimbo ni jambo lingine kabisa. Na maswali ya michango si upinzani hata kidogo. Ni maswali.

Nianze na hilo la michango, maana ndilo jepesi na ndilo linaloweza kukuangusha. Paulo alipokusanya changizo la watakatifu wa Yerusalemu hakulibeba peke yake. Soma 2 Wakorintho 8: aliongozana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, na sababu anaitoa waziwazi, kwamba hataki mtu awalaumu katika ukarimu huo. Anasema wanaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Huyo ni mtume. Wewe na mimi ni nani hata tubaki na daftari na hela kabatini kwetu kwa sababu tu dhamiri ni safi? Kila senti ipo, nakuamini, lakini kukuamini kwangu hakujumlishi hesabu. Wiki hii, kabla hujaulizwa tena, mpelekee mtunza hazina hela pamoja na daftari, vijana wawili washuhudie, apige hesabu mwenyewe na kutia sahihi. Usimwachie mtu jiwe mkononi halafu ulalamike kwamba amekurushia.

Sasa mzee. Najua ulitegemea nikupe Nehemia, aliyejenga upya ukuta wa Yerusalemu. Kila mahubiri ya upinzani niliyowahi kusikia yanaanza na Sanbalati na Tobia, maadui waliompinga, na mimi nimeyahubiri mengi. Kasoro yake ni kwamba kila mtu akisoma Nehemia anajiona yeye ndiye Nehemia. Mzee wenu pia anakisoma kitabu hichohicho, na kwake Tobia huenda ni wewe.

Tena tunaruka sura ya tano. Katikati ya ukuta, maadui wakiwa nje, kinatokea kilio cha ndani: watu wanawalalamikia ndugu zao Wayahudi waliowakopesha mpaka mashamba yakawekwa rehani na watoto wakawa watumwa. Nehemia angeweza kusema kwamba huo ni ujanja wa shetani wa kuichelewesha kazi. Hakusema hivyo. Alikasirika, akatafakari moyoni, akaitisha mkutano, na alipofika kwenye lawama akajiweka humo naye, kwamba yeye na ndugu zake na watumishi wake pia wanawakopesha watu. Ukuta ulikwisha kwa siku 52, pamoja na kusikiliza huko.

Kwa hiyo nakuuliza, na ujibu ukiwa peke yako: katika hayo maneno "kanisa ndani ya kanisa" hakuna hata chembe ya kweli? Mchungaji mpya amewahi kualikwa afundishe Jumamosi? Vijana wako thelathini na wanane, Jumapili wako wangapi? Wakiwa na shida wanakwenda kwa mchungaji au wanakuja kwako, nawe moyoni unafurahi kidogo kwamba wamekuja kwako? Mimi nilikuwa nafurahi. Ilinichukua miaka kukubali kwamba ile furaha haikuwa safi.

Nenda kwa mzee, peke yako kwanza, kama Mathayo 18 inavyosema. Usiende na Biblia iliyowekwa alama mahali pa kumchoma. Muulize anaogopa nini, kisha unyamaze mpaka amalize. Huenda akakujibu vibaya. Ikiwa hivyo, rudi na mtu mmoja au wawili anaowaheshimu yeye, si rafiki zako. Ikishindikana, jambo ni la mchungaji, na huyo mpole wenu lazima aambiwe kwa heshima kwamba upole wake unawakalisha watoto sakafuni. Mwombe jambo moja tu: atangaze mbele ya washirika kwamba darasa la Jumamosi ni la kanisa, kama alivyofanya mwenzake alipokuombea. Akikataa kulitangaza, hapo utakuwa umejua jambo kubwa, nami nitalirudia chini.

Na ufunguo usipotolewa? Kaeni sakafuni. Mwaka 1782 kijana wa miaka 23, Charles Simeon, aliwekwa kuwa mchungaji wa Kanisa la Utatu Mtakatifu pale Cambridge, Uingereza. Washirika walikuwa wanamtaka mtu mwingine. Siku hizo viti vya kanisani vilikuwa na vimilango vyenye kufuli, kila kimoja na mwenyewe, basi wenye viti wakafunga na Jumapili wakabaki nyumbani. Waliotaka kumsikiliza walisimama kwenye njia za katikati. Akatafuta mabenchi ya kuwakalisha, na watunza kanisa wakayatupa nje uani. Hali hiyo haikuwa ya mwezi mmoja, ilikuwa miaka. Simeon hakuhama. Alikaa katika kanisa lilelile mpaka alipofariki mwaka 1836, miaka 54. Sikusimulii hili ili ukae miaka 54, Mungu akuhurumie. Nimelileta kwa sababu ya yale mabenchi.

Hesabu 16 sasa. Hapa nitakusema, binti yangu.

Dakika tano za ushuhuda ulizigeuza rungu, na moyo wako ulijua, ndiyo maana usingizi ulikimbia. Nakuelewa. Nilipokuwa mgeni katika utumishi niliwahi kuhubiri juma nne mfululizo juu ya ulimi, kwa sababu ya mama mmoja aliyekuwa akinisengenya. Juma la tano alinifuata mlangoni akilia, akaniomba nikamwombee mwanawe aliyekuwa mgonjwa. Hakuwa amegundua hata kidogo kwamba mahubiri yale yalikuwa yake. Washirika wengine wote walikuwa wamegundua. Nilimfuata mpaka nyumbani kwake miguu ikiwa mizito, na sikumbuki niliomba nini.

Wewe uliishia pale ardhi ilipofunuka. Endelea. Kwanza rudi mstari wa 4 uone Musa alifanya nini aliposikia maneno ya Kora: alianguka kifudifudi. Mstari wa 22 wakaanguka tena, yeye na ndugu yake Haruni, wakiwaombea mkutano usiangamizwe kwa kosa la mtu mmoja. Kesho yake watu walewale wakawanung'unikia tena, tauni ikaanza, na Musa akamtuma Haruni akimbie na chetezo cha uvumba. Haruni huyu ndiye aliyekuwa akigombaniwa ukuhani wake! Akakimbia akasimama kati ya wafu na walio hai, na tauni ikakoma. Hiyo ndiyo picha ya mtumishi katika sura ile, na wewe uliifunga Biblia kabla hujaifikia.

Kisha fungua Hesabu 26:11. Kimstari kidogo, wengi hukipita: wana wa Kora hawakufa. Uzao wa mwasi ulibaki. Ukienda 1 Nyakati 9 unawakuta Wakora kazini nyumbani kwa Bwana, na kazi yenyewe ni ulinzi wa malango. Ukifungua Zaburi, kadhaa zimeandikwa juu yake kwamba ni za wana wa Kora, pamoja na ya 84, inayosema ni heri kusimama mlangoni pa nyumba ya Mungu kuliko kukaa katika hema za uovu. Mzee wenu wa funguo ana watoto, bila shaka. Wamo kwenye daftari lako? Hukuniambia, na ningependa kujua.

Utamwomba radhi. Si kwa kumpinga, maana kuhusu mabenchi huenda uko sawa kabisa. Ni kwa kuligeuza Neno kuwa fimbo mbele ya watu. Na kwa kuwa kanisa zima liligeuka kumtazama, mwombe mchungaji dakika moja uliseme mbele ya kanisa zima.

Wasichana hawa wala wasikutishe. Hao si wapinzani, ni wachanga. Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita akifundisha. Miaka michache baadaye anawaandikia na hali ni aibu: wanagawanyika huyu wa Paulo, huyu wa Apolo, wanapelekana mahakamani, na kwenye meza ya Bwana huyu ana njaa na yule amelewa. Hapo ndipo anasema aliwanywesha maziwa na hata sasa hawajaweza chakula kigumu. Lakini neno analowaita ni "ndugu zangu", na barua anaianza kwa kumshukuru Mungu kwa ajili yao. Mwalimu wao alikuwa Paulo, na bado walikuwa hivyo. Usijihukumu kupita kiasi.

Mtoto mchanga humkasirikii kwa kuwa hana meno. Ila Waebrania 5 inaonya pia: wakati mwingi umepita, mlipaswa kuwa walimu. Uchanga una muda wake. Na hapa nina shaka kidogo na darasa lako. Umewafundisha vijana kuomba kwa sauti na kujua Habakuki kiko wapi. Umewahi kuwafundisha namna ya kusema "nimekukosea" huku wakimtazama mtu usoni? Waite wote wawili pamoja. Usihubiri. Aliyekosa wimbo aseme kilichomuuma, aliyepewa asikilize bila kukata neno, kisha wabadilishane. Watalia. Waache walie. Somo hilo ni chakula kigumu kuliko kitabu chochote cha manabii, na wakikuona wewe umemwomba mzee radhi kanisani watajua linafananaje.

Kijana wa upako ndiye aliyekuchoma kuliko wote, nimeona hata mwandiko wako ulivyobadilika pale. Usimfuate na usimlaani. Usiwazuie wanaotaka kwenda kuangalia. Yohana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba safarini, na baadaye Paulo akagombana na Barnaba kwa sababu yake mpaka wakaachana, lakini karibu na mwisho wa maisha yake ni Paulo huyohuyo anayemwagiza Timotheo amlete Marko, kwamba anamfaa kwa utumishi. Ukikutana na kijana wako, msalimie kwa jina, muulize mama yake hajambo. Jina lake lisifutwe daftarini. Halafu, baada ya kilio kuisha, jiulize kama hajagusa kitu: lini mara ya mwisho darasa lako liliomba bila kuangalia saa?

Nimemwacha mume wako mwisho, lakini yeye ndiye aliyenifanya nikujibu haraka. Mwili mtupu Jumamosi jioni si alama ya uaminifu. Eliya alipotamani kufa jangwani, malaika hakumletea fundisho. Alimgusa akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili. Maneno yalikuja baadaye. Musa alipolemewa na manung'uniko aliambiwa akusanye wazee 70 wabebe mzigo pamoja naye. Wewe barua nzima husemi mtu mwingine anayefundisha. Watu thelathini na wanane, miaka sita, mwalimu mmoja! Wateue wawili. Pumzika Jumamosi nne, ukae na mume wako, wao waendeshe. Wataharibu kidogo. Na kama darasa litakufa katika Jumamosi nne, basi alilosema mzee lilikuwa na uzito kuliko nilivyodhani.

Kuhusu mlango: kufuli la stoo si sauti ya Mungu, wala si sauti ya shetani. Ni kufuli. Siwezi kukusomea mapenzi ya Mungu kutoka hapo, na mtu akikwambia anaweza, muulize vizuri. Kuondoka kupo. Pale pale Korintho Paulo alikung'uta mavazi yake akatoka sinagogi, lakini alihamia nyumba iliyopakana nalo, na mkuu wa sinagogi mwenyewe, Krispo, akamwamini Bwana na nyumba yake yote. Kama mchungaji atakataa kulitambua darasa, basi umekwisha kujua kwamba hujatumwa tena na kanisa hilo kwa kazi hiyo. Kabidhi daftari, waage vijana bila kumchukua hata mmoja, ukatumike kwingine. Na kama kuna matusi, vitisho, au mtoto kuumizwa, hilo usilivumilie kwa jina la uaminifu. Lipeleke juu mara moja, na ikibidi kwenye vyombo vya dola. Lakini kwa haya uliyoniandikia sijaona kwamba umefika huko.

Anza na daftari la michango, halafu mzee, halafu wasichana. Jumamosi utakaporudi baada ya mapumziko, someni Zaburi 84, na asome yule aliyekosa wimbo. Uniandikie mzee alijibu nini ulipomuuliza anaogopa nini. Na salamu kwa mumeo.